Mtoto analia ukienda kazini, mlifanyaje? Tupeane uzoefu

Jamani wazazi habari zenu. Binti yangu ana miezi 10, zamani alikuwa anabebwa na yeyote ila saa hizi nikivaa tu viatu ameshajua, anashika kanga yangu kwa mikono yote miwili na kulia mpaka jirani anachungulia. Mama mkwe anasema nimemdekeza. Dada akanishauri niwe natokea mlango wa nyuma mtoto akiwa anakula uji, nimefanya wiki mbili na naona ndo imezidi, hata chooni ananifuata. Nyie mlipitaje hapa?

MamaWawili: Pole mwaya. Wa kwanza nilimtoroka hivyohivyo, akawa hali vizuri, kijiko mdomoni macho mlangoni. Wa pili namuaga kabisa, mama anaenda kazini atarudi jioni, namkumbatia natoka na sirudi nyuma. Analia ndio, ila dada ananiambia muda si mrefu yuko na mifuniko ya sufuria anagonga.

Mwl_Chekechea: Sio kudeka hiyo dada angu. Umri huo ameshajua kuwa upo hata asipokuona, ila hajui utarudi saa ngapi, ndo maana analia sasa na sio alipokuwa na miezi mitatu. Na hii elimu sehemu kubwa imeanzia hapa kwetu Afrika Mashariki, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda 1954, akawa anatembelea akina mama 26 vijijini karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili hivi, anakaa nao sebuleni masaa mawili anaangalia watoto. Akaona mtoto anatambaa kwenda kuchunguza vitu halafu anarudi kumgusa mama, kisha anaondoka tena. Baadaye kule Baltimore, Marekani akatengeneza jaribio lake, mama anatoka chumbani dakika tatu hivi halafu anarudi, na kilichomwambia mengi sio kile kilio, ni mtoto anavyompokea mama akirudi. Chezeni kujificha, funika uso na hiyo kanga halafu funua, azoee kwamba kinachopotea kinarudi.

BabaT: Mi dereva wa masafa Dar Tunduma. Kuna safari nimerudi mtoto kanipita kaenda kwa bibi yake, iliniuma sana aisee. Siku hizi simlazimishi, nakaa mkekani namenya chungwa taratibu, mwisho anakuja mwenyewe kuomba kipande.

Mleta mada: Asanteni mno. Leo nimemuaga, nikamwachia kanga niliyolalia. Kalia, nimetembea mpaka stendi machozi yananitoka na mimi. Ila jioni nimeingia tu kaniona kaangua kilio upyaa, wakati dada anasema ameshinda vizuri tu. Hii nayo kawaida?

MamaWawili: Kawaida kabisa, alikuwa anakungoja huyo. Ukifika mbebe kwanza, viatu utavua baadae.