Jalada la taarab: uso wa mwimbaji katikati au ganuni pembeni?

Langoni_Udi
Assalam aleikum waungwana. Kikundi chetu cha taarab hapa Lamu kinatoa nyimbo mpya, na mchoraji ametuletea sampuli mbili. Ya kwanza: uso wa mwimbaji katikati, jina la kikundi juu, majina ya wapigaji wote chini, nakshi pande zote nne. Ya pili: ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, kushoto, kulia pako wazi, na jina la kikundi kwa herufi nene, basi. Wenzangu wamegawanyika, na kesho kutwa lazima nimjibu. Mwachagua ipi?

Dada_Mkomani
Waaleikum salaam. Mbona hujasema ni ya nini? Jalada la mtandaoni au bango la ukutani? Na picha hukuweka, tutachaguaje kwa maneno matupu?

FundiRangi
Kwa maelezo hayo tu, mimi ni ya pili. Kwenye ya kwanza uso, jina, orodha na nakshi vyote vinagombania jicho, nalo halijui lianzie wapi. Kitu kimoja kitawale, cha pili kifuate kwa mbali, vingine vitulie. Tena usawa si lazima pande mbili zifanane. Ganuni nzito kushoto hushikwa na jina nene na uwazi wa kulia. Mtazameni Reid Miles, aliyebuni majalada ya Blue Note, kampuni ya santuri za jazz, miaka ya 1950 na 1960: picha imekatwa bila woga, rangi moja au mbili, herufi kubwa. Mpaka leo mtu huyatambua kwa mbali.

Mama_Kanga
Hatuna haja ya kwenda mbali, kanga tunazo mwilini. Pindo linazunguka, mji uko katikati, jina liko chini, na hakuna anayepotea. Nakshi iwe pindo jembamba, uso wa mwimbaji ndio mji. Taarab watu humfuata mwimbaji. Ya kwanza, na hamnigeuzi.

Langoni_Udi
Ni ya mtandaoni, na hiyo hiyo tutaichapa bango la A3 la onyesho. Ya kwanza ina namba ya simu pia, ya kutualika harusini.

FundiRangi
Ungetaja hilo mwanzo! Apple Music wanataka mraba wenye pikseli nyingi, na hawakubali namba ya simu juu ya jalada. A3 ni milimita 297 kwa 420. Ukiuvuta mraba uijaze karatasi hiyo, mizani yote inaharibika. Kazi ipangwe mara mbili, ya mraba na ya A3, sura ibaki moja. La mtandaoni ulipunguze kwenye simu hadi upana wa kidole gumba. Jina lisiposomeka hapo, halifai.

Malindi_Fidla
Niwape yaliyotupata sisi Malindi na bango la onyesho la Idi. Mchoraji aliweka nembo za wadhamini juu, kubwa kuliko jina la kikundi. Tarehe na ukumbi akaviandika kwa nyekundu juu ya weusi, herufi nyembamba za kupindapinda. Kwenye kompyuta yake zilimeremeta. Kufika kwa mchapaji nyekundu ikafifia, maana skrini hutoa mwanga na wino huunyonya. Tena alikuwa amelituma kwa WhatsApp kama picha, likabanwa, kingo za herufi zikawa ukungu. Tukabandika hivyo hivyo, muda umekwisha. Watu wakapita wakidhani ni tangazo la duka. Mama mmoja alilisogelea mpaka pua karibu iguse karatasi, akanigeukia nami ndoo ya gundi mkononi: "Mwanangu, ni leo au kesho?" Usiku ule nusu ya viti vitupu, na mpiga ngoma ya dumbak tukamlipa kwa deni. Jina kwanza, kisha tarehe na mahali, wadhamini mwisho kabisa. Na faili litumwe kama hati.

Mzee_Khati
Wazee wengi hapa wamezoea kusoma kutoka kulia. Jina likiandikwa kwa khati ya Kiarabu, ile ya pili yafaa sana: jicho linaanza na jina, linaishia kwenye ganuni.

Dada_Mkomani
Na vijana wanaotafuta nyimbo kwenye simu?

Mzee_Khati
Vijana hao hao wamepita chuoni, wanasoma Kurani. Msiwadharau.

Mama_Kanga
Na mabango yenyewe mtabandika wapi? Gundi yaondoka na chokaa ya kuta zetu, na mji huu umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Waombeni wenye maduka.

Dada_Mkomani
Kweli. Tena kichochoroni mtu husoma bango akiwa hatua mbili tu, lakini gatini hulionea chomboni. Herufi za kichochoroni hazitoshi gatini.

Langoni_Udi
Nimeongea na mwimbaji. Mtandaoni hana neno, ukutani hataki uso wake. Na mchoraji adai pesa zaidi kwa kupanga mara mbili. Kwa kawaida mwalipa ngapi?

FundiRangi
Kabla ya bei: mlikubaliana faili la asili ni la nani?