Naomba ushauri: mstari wa moto unasambaa kwenye bakuli la mjakaranda

Habari zenu wakuu, hasa mafundi wa mbao. Nipo Moshi, nakereza mabakuli ya mjakaranda. Mwezi huu nimeanza kuchonga ukingo kwa patasi ndogo, kisha nachora majani ya masale kwa chuma cha moto. Natumia kile cha mafundi redio cha kulehemu, wati 60, hakina kidhibiti joto.

Shida ni hii. Ubavuni, nyuzi za mbao zinapolala, mstari unatoka mwembamba na safi. Nikizungusha bakuli robo tu, pale nyuzi zinapokatwa vichwa, chuma kinazama na kuacha kivuli cha kahawia pembeni. Jani moja zuri, la pili kama limemwagiwa chai. Inaniuma, maana kukereza kwenyewe ni nusu siku.

Nimepiga msasa 240 hadi 400, nimechomoa waya joto lipungue, lakini chuma kikipoa kinakwaruza.

Je, nikate kwanza mstari kwa kisu chenye ncha, ndipo nichome ndani yake? Na mafuta ya kitani nipake kabla au baada ya kuchoma? Mabakuli haya ni ya kuwekea matunda.

Natanguliza shukrani.