Duka la donati la mtaani kwetu Houston: wateja wanalisifu na kulilaani kwa pamoja. Nani mkweli?

Mpalilia Kahawa aliuliza:

Wakuu, habari za mihangaiko. Nimehamia kusini magharibi mwa Houston, upande wa Bissonnet. Mkabala na geti letu kuna duka dogo la kahawa na donati, limebanwa kati ya dobi la mashine za sarafu na saluni ya kucha. Jina silitaji, maana mengine nitakayosema si mazuri.

Kabla sijaingia nilisoma maoni ya wateja kwenye simu nikabaki nimeduwaa. Mmoja anasema hajawahi kula donati laini kama zile, na mama wa pale anamjua mpaka mtoto wake kwa jina. Anayefuata anasema donati ngumu, kahawa imeungua, mama hajibu hata salamu. Nyota tano, nyota moja, tano, moja. Wa katikati hayupo.

Nikaenda kujionea. Ilikuwa Jumamosi, kama saa nne na nusu asubuhi, ndiyo kwanza nimeamka. Kwenye kabati la kioo zimebaki donati chache. Niliyochukua, ile ya kawaida ya kupakwa sukari, ilikuwa inatoa maji juu na chini imekaza. Kahawa nilijimiminia mwenyewe kutoka jagi la kioo lililokaa kwenye hita tangu sijui saa ngapi. Jamani, mimi mtoto wa Moshi. Kahawa nimeipalilia, nimeichuma na nimeianika (nyumbani tulikunywa chai lakini, kahawa ilikuwa ya kuuza). Kuna uchungu wa kahawa na kuna uchungu wa kuungua, na mimi nilipewa huo wa pili.

Natoa kadi, mama ananionyesha kikaratasi kilichobandikwa kwa selotepu: kadi ni kuanzia dola 5. Ikabidi niongeze vitu nisivyovitaka. Kisha akanigeuzia kishikwambi, kinaniuliza bakshishi, asilimia 15, 18 au 20. Mtu nimenyoosha kidole tu kwenye kioo!

Baadaye zamu yangu ghalani ikabadilishwa, nikawa napita pale kabla ya saa kumi na mbili alfajiri. Duka lile lile, mama yule yule, lakini donati ni ya moto, ukiishika inabonyea. Nafika garini nafungua mfuko, nakuta vile vidonati vidogo vya mviringo ambavyo sikuagiza wala sikulipia. Nikarudi kumwambia amekosea. Akanipungia mkono niende zangu.

Sasa wenyeji nielimisheni. Tofauti yote hii ni saa tu? Bakshishi pale ni lazima? Na kwa nini risiti inaonyesha kodi kwenye kahawa, kwenye donati hakuna?

---

Binti Likoni alijibu:

Karibu Houston kaka. Mimi nalea wazee, zamu ya usiku, na maduka haya ndiyo yanayonipokea nikitoka kazini. Alfajiri ndiyo saa yake. Kuanzia saa tatu unachagua masazo, na ikifika saa saba mchana mengi yashafunga.

Hukuuliza, lakini nasema kwa ajili ya Waislamu wanaosoma hapa. Vile vimkate vyenye soseji ndani, kolachi, usichukue kwa kutazama tu. Soseji yake mara nyingi ni ya nguruwe, au ng'ombe kachanganywa na nguruwe. Yako maduka yenye ya ng'ombe mtupu, lakini ng'ombe mtupu si kusema kachinjwa kihalali, hilo uamue mwenyewe. Mimi niliuliza pale ninapokwenda, yule binti akaenda kwenye friji akaniletea pakiti nisome. Kolachi huokwa, hazikaangwi, kwa hiyo haziingii kwenye mafuta ya donati. Tatizo ni koleo, maana ni hilo hilo linashika huku na kule. Huwa namwambia anishikie kwa karatasi, na hajawahi kununa.

Mafuta nayo uliza. Kwangu wanatumia ya mimea, kwako sijui.

---

Mzee wa Boksi la Pinki alijibu:

Ndugu yangu, maduka haya mimi nayajua kutokea jikoni. Tulipofika Houston kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye duka la namna hiyo. Nilifagia, nikakunja maboksi, baadaye nikapewa kukata unga.

Kazi inaanza saa saba usiku. Unga wa hamira unakandwa, unaumuka, unakatwa, unaachwa uumuke tena, ndipo unaingia kwenye mafuta ya nyuzi kama 190. Donati inapakwa sukari ingali ya moto, utando unashika ukiwa mwembamba. Ikikaa masaa, sukari ile inanyonya unyevu. Ndiyo yale maji uliyoyaona juu, na ndani mkate unakauka. Hakuna aliyekuuzia ya jana. Donati ya hamira haina maisha marefu kuliko hapo. Siku ukichelewa kuamka, chukua za keki, zile zisizo na hamira zenye mipasuko juu. Hizo zinavumilia mpaka jioni. Hata ile kubwa yenye vipande vya tufaha na mdalasini si mbaya saa hizo.

Kuhusu salamu. Pale nilipofanya kazi walikuwa mke na mume tu, na binti yao siku asizo na masomo. Mume nyuma, mke mbele. Wewe ulimkuta mama saa nne na nusu, amesimama tangu usiku wa manane, na Kiingereza chake ni cha donati na chenji. Wanaoandika nyota moja ni wale wa saa nne. Wa saa kumi na moja na nusu, mafundi bomba, wauguzi, madereva, hawana hata muda wa kuandika. Anawaona kwa mbali wanaegesha gari, wakifika kaunta mfuko uko tayari.

Vile vidonati ni nyongeza. Hakukosea. Ukimrudishia unampa kazi ya kukueleza.

Wengi wenye maduka haya Texas ni Wakambodia. Khmer Rouge, wale wapiganaji wa kikomunisti, waliingia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, Aprili 1975, na waliookoka wengine wakaishia California. Mmoja wao, Ted Ngoy, alijifunza kazi katika kampuni ya donati ya Winchell's, akanunua duka lake mwenyewe, Christy's, kisha akawa anafundisha ndugu na wakimbizi wenzake na kuwakodishia maduka. Boksi la pinki la kubebea donati nalo inasemekana lilianzia kwao huko, kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko jeupe. Familia nyingine zikahamia huku Texas. Hapa zikakuta kolachi ya Wacheki waliohamia karne ya 19, nayo zikaiingiza kabatini.

Bosi wangu alikuwa mkimya sana. Siku aliyosikia nimetoka kambini aliniuliza jina la kambi, nikamwambia. Naye akanitajia yake, Khao-I-Dang, iko Thailand. Tukaendelea kukunja maboksi. Mwisho wa wiki akaniongezea mshahara, sikuuliza.

Bakshishi si lazima. Kile kishikwambi kinakuja na asilimia zake kutoka kampuni ya malipo, na wazee wengi hawajui hata pa kuizima. Bonyeza hapana, hakuna atakayekutazama vibaya. Mimi naacha sarafu kwenye kikombe cha kaunta. Na ukienda na noti hutakutana na ile habari ya dola 5: makato ya kadi kwenye donati moja yanakula karibu faida yote.

Kodi: Texas haitozi kodi ya mauzo kwenye mikate na keki za duka la kuoka, donati zikiwemo. Kahawa ya moto inatozwa, na Houston ni asilimia 8.25. Risiti yako iko sawa.

---

Mgeni wa Garland alijibu:

Mzee shikamoo, nakuheshimu, ila hapa tunawatetea kupita kiasi. Donati kukauka nimeelewa. Kahawa je? Jagi likikaa kwenye hita zaidi ya nusu saa ladha imekwisha, na kupika jingine ni dakika chache. Mashine iko pale pale nyuma yake. Kama mteja wa saa nne analipa bei ile ile ya mteja wa alfajiri, apewe kahawa, asipewe lami. Mimi hapa Dallas nilihama duka kwa sababu hiyo hiyo, sikuandika nyota wala nini.

---

Mzee wa Boksi la Pinki alijibu:

Marahaba kijana. Kwa kahawa umenishinda. Hata bosi wangu alikuwa hainywi, alikuja na chai yake kwenye chupa.

---

Wa Magomeni alijibu:

Nimesoma yote haya nikiwa kwenye daladala. Kwa hiyo hilo ni andazi lenye tundu, mnalinunua dola moja na nusu, karibu elfu nne ya huku, halafu mnaulizwa bakshishi? Rudini nyumbani.

---

Mpalilia Kahawa alijibu:

Wa Magomeni, umenichekesha mpaka msimamizi kageuka.

Mzee na dada, nawashukuru. Leo alfajiri nimekwenda na noti. Nilimwomba mama kwa ishara anipikie kahawa mpya, nikaonyesha jagi, nikaonyesha saa. Akalimwaga lote kwenye sinki bila neno, nikasubiri. Si kahawa ya Kilimanjaro, tusidanganyane, lakini ilikuwa kahawa. Foleni nyuma yangu ikawa ndefu kidogo, jamaa mmoja wa zege akaguna, kisha naye akaomba hiyo hiyo mpya.

Nyota sijaandika. Nikiandika tatu nitakuwa peke yangu pale katikati.

---

Binti Likoni alijibu:

Andika kaka, na uweke saa uliyokwenda, hiyo ndiyo itamsaidia mtu.

Nami nina swali langu. Kuna anayejua mahali upande wa Katy au Sugar Land panapouza kahawa ya tangawizi, ile ya kweli ya kupikwa kwenye dele? Shirabu za chupani sizitaki.