Eti "kaa chini, wewe ulikuja na ndege"! Nimedhalilishwa mbele ya pilau kisa stesheni

Wakuu, naandika nikiwa bado na koti, hata viatu sijavua. Jina simtaji. Wa Lowell hapa Massachusetts, Marekani, mnamjua, wa Worcester mnamjua, hata waliokwisharudi nyumbani wanamjua: yule ambaye akiiona maiki haulizi ni ya nani. Harusini yeye, msibani yeye.

Leo ilikuwa kipaimara cha mtoto wa dada yetu mmoja. Kuna wageni wametoka Texas, bwana mkubwa kasimama kuwapa "historia ya mji". Akawaambia stesheni ya kwanza ya Lowell ndiyo hiyo ya Thorndike Street tunayopandia treni ya Boston, eti imejengwa 1835. Wakuu! Jengo lile ni la miaka ya 80. Ni rika langu lile, tungeweza kusoma darasa moja.

Nikanyoosha mkono kwa adabu zote. "Kaka, samahani, 1835 ni mwaka wa reli, siyo wa jengo hilo. Stesheni ya kwanza ilikuwa kule kwenye kona ya mitaa ya Merrimack na Dutton." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye sahani. Akasema, KWENYE MAIKI: "Kaa chini wewe. Ulikuja na ndege."

Ukumbi mzima hoi. Mashemeji hoi. Padri, wakuu, PADRI alicheka mpaka akashikilia meza.

Ulikuja na ndege! Kwani yeye Atlantiki aliivuka kwa behewa la mizigo kutokea Dodoma?

Na mimi nayajua haya kwa sababu kila siku nasubiri treni hapo, baridi inakata masikio, sina la kufanya ila kusoma. Reli ya Boston na Lowell ilijengwa kwa ajili ya viwanda vya pamba, maana mfereji wa Middlesex ulikuwa ukiganda kila majira ya baridi, mizigo inalala. Matajiri wakataka kitu cha milele, wakalaza mataruma ya granaiti. Mawe! Treni ikawa inatikisika kama daladala ya mashimo, ikabidi wang'oe waweke mbao. Kichwa cha treni kililetwa kutoka Uingereza, mafundi wa Lowell wakakifungua nati kwa nati, wakaanza kuunda vyao. Mwaka 1853 pale Merrimack wakajenga stesheni yenye ukumbi juu, Huntington Hall. Chini moshi, juu hotuba. Ikaungua 1904. Leo karibu na hapo kimesimama kichwa cha mvuke namba 410, cha 1911, anapopigia picha HUYOHUYO kila Jumapili na ile suti yake ya maruni!

Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni. Nikakaa chini. Kwa sababu nilikuja na ndege.

MtotoWaReli: Kwani uongo? Hukuja na ndege?

Bi_Kisamvu: Nilikuwepo. Mtoa mada kasahau kusema kijiko kilimdondoka.

MtotoWaReli: 😂😂 Kijiko nacho kikakaa chini.

Mtoa mada: Kijiko kilidondoka KABLA.

Nyundo_Tatu: Hata wewe umeacha stesheni ya Central Street, ya 1876, ya kampuni ya reli ya Boston na Maine. Treni zilipoondoka ikawa sinema ya Rialto, halafu watu wakachezea bolingi humo, sasa ni ya chuo, wanafunzi wanafanyia maigizo. Ukitaka kumkosoa mtu shika vizuri.

Mtoa mada: Ningeifikia mkuu. Niliambiwa nikae chini.

Mzaramo_Ughaibuni: Mnagombania stesheni za watu. Bibi yangu Bagamoyo alikuwa na shuka la marekani, na nguo hiyo iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka viwanda vya huko huko Massachusetts, meli zinashusha Unguja. Kwa hiyo sisi tuliwajua kabla nyinyi hamjawajua, na hakuna aliyetuheshimu.

Kamau_wa_Mill: Historia wekeni kando. Mnajua bei ya kuegesha gari hapo stesheni? Na wikendi treni moja ukiikosa unakaa mpaka unaota ndevu.

Bi_Kisamvu: Wewe Kamau ndevu ulikuwa nazo tangu zamani. Tuongelee pilau. Meza ya nyuma haikufika hata viazi.

Nyundo_Tatu: Meza ya nyuma sisi tulipewa soda ya moto na pole.

Kamau_wa_Mill: Nyama ilienda kwa wageni wa Texas. Niliona kwa macho yangu, mtu mmoja sahani mbili.

Mtoa mada: Jamani, mada ni kudhalilishwa kwangu.

MtotoWaReli: Kaa chini.

Mzaramo_Ughaibuni: Nani alipika? Chumvi ile ilikuwa ya kuhifadhia samaki.

Bi_Kisamvu: Nilipika MIMI. Na sasa hivi namtaka aliyeondoka na sufuria langu kubwa, la mfuniko usiofanana. Nasikia limeonekana kwenye buti ya mtu wa suti ya maruni.

Mtoa mada: NILISEMA MIMI!!

Bi_Kisamvu: Wewe nyamaza. Sufuria kwanza.