Corolla 110: gurudumu la mbele kushoto linashika breki

Swali: Wakuu, nikienda kilomita 10 rimu inachemka na gari linavuta kushoto. Pedi ya ndani imeisha, ya nje bado nene. Ninunue kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski)?

Jibu: Usinunue bado. Piga jeki, weka stendi, kanyaga breki mara tatu, achia, zungusha tairi. Likigoma, legeza nati ya kutolea upepo. Likiachia hapo, presha imenaswa. Mara nyingi mpira wa breki (bomba laini la mafuta ya breki) umeziba kwa ndani, japo nje unaonekana mzima. Lisipoachia, ni pini (ambazo kalipa inateleza juu yake) au pistoni (inayosukuma pedi).

Jibu: Kwa pedi kuisha hivyo, nashuku pini. Zichomoe, piga msasa laini, paka grisi ya silikoni kidogo tu. Grisi ya beringi inavimbisha raba, pini zinaganda upya. Pistoni irudishe kwa jiliwa polepole. Ikiwa na vishimo vya kutu, msasa hausaidii: weka pistoni na sili mpya.

Muulizaji: Nimelegeza nati, tairi bado gumu. Pini ya chini imeng'ang'ania.

Jibu: Umeipata. Badilisha pedi pande zote mbili, si kushoto peke yake.