Mrejesho: Kujiandaa kukaa na familia mwenyeji Japani

Wakuu, niliuliza hapa: mwanafunzi anayekwenda kukaa na familia ya Kijapani ajiandae vipi? Ahsanteni mliojibu. Yenye uzito ni haya.

Dawa kwanza, ndipo wengi wanapokwama. Za kawaida za kuandikiwa na daktari unaruhusiwa za mwezi 1. Zikizidi, omba kibali kiitwacho Yunyu Kakunin-sho kabla ya safari. Za mafua zenye pseudoephedrine (kiambato cha kuzibua pua) zaidi ya asilimia 10 ni marufuku.

Zawadi: majani ya chai au kahawa iliyokaangwa. Nyama kavu na soseji zitaishia uwanja wa ndege.

Umeme ni volti 100, plagi ya pini 2 bapa. Chaja iliyoandikwa 100–240V inataka adapta tu. Pasi ya kwetu haitapata moto wa maana, iache.

Bafuni, jisugue na kujisuuza nje ya beseni kubwa la kuogea, ukiwa umekaa kwenye kigoda, ndipo uingie kujiloweka. Maji yale ni ya nyumba nzima: usitie sabuni, usiyamwage, rudisha kifuniko. Ndala za chooni zibaki chooni; kwenye tatami (mikeka minene ya sakafuni) ni soksi au peku.

Waislamu, kuandika "sili nguruwe" kwenye fomu hakutoshi. Mirin na sake ni pombe, na hutiwa kwenye michuzi ya kila siku ambayo mwenyeji haihesabu kuwa kileo. Zitajeni kwa majina, pamoja na jelatini na mafuta ya nguruwe, kabla hamjapangiwa familia.