Mrejesho: Kumdhamini mke wangu kuhamia Marekani kwa kipato kidogo

Awali niliomba ushauri kuhusu kumdhamini mke wangu kuhamia Marekani, ilhali kipato changu kilikuwa chini ya kiwango cha fomu I-864 (ahadi ya mdhamini ya kumtegemeza mhamiaji kifedha), yaani asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali ya shirikisho kulingana na ukubwa wa kaya. Nawashukuru mlionijibu, viza imetoka.

Tulianza kwa kupima wazo la akiba, kwa kuwa raia anayemdhamini mwenzi wake anaruhusiwa kuonyesha mali yenye thamani ya mara tatu ya pengo la kipato, lakini akiba yangu haikufika huko. Ndipo kaka yangu, mkazi wa kudumu wa Marekani mwenye kaya yake mwenyewe, akakubali kuwa mdhamini mwenza. Alijaza I-864 yake, na kipato chake peke yake kililazimika kutosheleza kaya yake pamoja na mke wangu, kwani hakijumlishwi na changu. Mimi pia nilitakiwa kujaza yangu, hata kama haitoshi.

Kilichochukua muda mrefu zaidi si makaratasi, bali mazungumzo na shemeji, ambaye kwa haki kabisa alitaka kujua mumewe anajifunga kwa lipi. Dhamana hiyo haivunjwi na talaka. Kwa kawaida hudumu hadi mhamiaji apate uraia, ahesabiwe robo mwaka 40 za kazi, ambazo ni takriban miaka 10, aihame nchi moja kwa moja, au afariki dunia. Shemeji aliisoma fomu yote, kisha kaka akatia sahihi.